Gemu Inapokwama Kwama: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kadi

Mchezaji wa Kisumu akilalamika kwamba gemu inakwama kwama kwenye kompyuta yake ya mezani, jibu la kwanza analopewa ni kwamba anunue kadi mpya ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha za gemu. Ushauri huo ni ghali na mara nyingi haugusi tatizo. Mashine nyingi tunazochezea huku ni kompyuta za ofisi zilizokwisha kutumika Uingereza, ambazo hazikuundwa kwa ajili ya gemu, na udhaifu wake kwa kawaida uko kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, kwenye rami (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya kipande kimoja, au kwenye feni ambayo haijafunguliwa tangu mashine iliposhuka bandarini.

Anza na jambo lisilogharimu chochote. Geuza kompyuta utazame nyuma waya wa skrini umechomekwa wapi. Ikiwa una kadi ya grafiki lakini waya umeingia kwenye tundu la madabodi (bodi kuu ya kompyuta), lile lililo karibu na matundu ya kibodi na sauti, basi kwa kawaida gemu inaendeshwa na grafiki ndogo iliyo ndani ya prosesa, kifaa kinachofanya hesabu za kompyuta, huku kadi yako ikikaa bure. Kosa hili ni la kawaida mno, hasa baada ya kuhamisha nyumba.

Tenganisha pia tatizo la kompyuta na tatizo la intaneti. Picha ikitembea vizuri lakini wachezaji wenzako wanarukaruka, au risasi yako inachelewa kuhesabiwa, hilo ni la mtandao. Cheza gemu isiyohitaji intaneti kwa muda, na ikiendelea kukwama, endelea kusoma.

Kipimo cha wastani peke yake hudanganya. Gemu inayotoa fremu, yaani picha moja moja, 60 kwa sekunde huipa kila fremu takribani milisekunde 16.7, lakini wastani unaweza kusomeka 60 ilhali fremu moja moja inachelewa milisekunde 100, na jicho huona kuchelewa huko mara moja. Kwa hiyo weka programu ya bure kama MSI Afterburner, uwashe mchoro wa muda wa fremu pamoja na kiwango cha joto na matumizi ya prosesa na kadi, kisha ucheze kama kawaida huku ukiangalia miiba kwenye mchoro inatokea wakati gani. Wakati huo ndio utakaokuonyesha pa kutafuta.

Gemu ikienda vizuri dakika kumi za mwanzo kisha ikaanza kulegea, shuku joto. Alasiri ya Kisumu hufika nyuzi 30 bila shida, na chumba cha mabati bila dari huwa na joto zaidi ya hapo; mashine iliyosukumwa chini ya meza, mgongo ukigusa ukuta, huvuta tena hewa ileile iliyokwisha kuitoa. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 95 hadi 100, na hapo ndipo fremu zinapoporomoka. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kucheza sehemu ileile ya gemu saa nane mchana na tena alfajiri. Tofauti ikiwa kubwa, umepata jibu.

Zima mashine, chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke, kisha fungua ubavu wa kasha. Usiridhike na kupangusa feni kwa juu. Vumbi baya hujikusanya kati ya feni na mapezi ya alumini yaliyo chini yake, na halionekani mpaka uing'oe feni yenyewe. Hapo unaweza kukuta utando mzito uliokamatana, ambao hewa haiwezi kuupenya. Kwa wanaoishi upande wa Dunga na maeneo mengine ya ufuo, mizoga ya wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku huchanganyika na vumbi hilo. Nakuru kwenye baridi ni afadhali, lakini vumbi la kiangazi linafidia. Tumia brashi laini ya rangi iliyo kavu, na kama una blowa, zuia panga za feni kwa kidole ili zisizunguke kwa kasi kuliko zilivyokusudiwa. Mashine ikiwa na miaka mingi, ondoa pia pesti kavu ya kupitishia joto iliyo juu ya prosesa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, uweke mpya kiasi cha punje moja ya minji.

Kukwama kunakotokea unapoingia eneo jipya la ramani, au unapogeuka ghafla, huelekeza kwenye diski au rami. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, uache dirisha hilo wazi huku gemu ikiendelea. Diski ikisoma asilimia 100 kila gemu inapoganda, hamishia gemu kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Kwa pesa zinazotumika, sijui badiliko lingine linalosaidia mashine kuukuu kuliko hili.

Dirisha hilohilo huonyesha rami imejaa kiasi gani na imechukua nafasi ngapi za madabodi. Mashine za ofisi huja mara nyingi na kipande kimoja. Vipande viwili vinavyofanana, vikiwekwa kwenye nafasi zinazostahili, hufungua njia mbili za data badala ya moja, na anayetegemea grafiki ya ndani ya prosesa huona tofauti kubwa kwa sababu grafiki hiyo haina kumbukumbu yake yenyewe. Hakikisha tu aina, kwani rami ya kizazi cha DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4.

Kuna kukwama kunakotokea mara ya kwanza tu mlipuko au silaha fulani inapoonekana, kisha kunatoweka. Hapo gemu inatayarisha maelekezo ya kuchora kwa ajili ya kadi yako. Subiri imalize, na usishangae hali hiyo ikirudi kwa muda baada ya kubadilisha draiva, yaani programu inayoendesha kadi.

Kukwama kusiko na mpangilio wowote mara nyingi husababishwa na programu za nyuma: masasisho ya Windows yanayopakuliwa, kivinjari chenye kurasa nyingi, antivirusi inayokagua diski. Vifunge kimoja kimoja, ukicheza kidogo baada ya kila kimoja, la sivyo hutajua kipi kilichosaidia. Wengi pia hulaumu stima, lakini umeme unaoyumba kwa kawaida huzima mashine au kuiwasha upya. Ni nadra kufanya fremu zisite.

Baada ya yote hayo, punguza resolusheni, yaani idadi ya nukta za picha, hadi 1280 kwa 720. Fremu zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zisipobadilika, prosesa ndiyo kikwazo, hata kama jumla ya matumizi yake inasoma asilimia 40, kwa sababu kiini kimoja kinaweza kuwa kimejaa huku vingine vikipumzika. Katika hali hiyo kadi mpya haitakusaidia.

Ikiwa kweli ni kadi, pima nafasi ndani ya kasha na usome lebo ya pawasaplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, kabla ya kwenda dukani. Pawasaplai nyingi za mashine ndogo za ofisi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, na tundu la madabodi lenyewe hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu, hivyo tafuta kadi isiyozidi hapo, kama vile GTX 1050 Ti, na umwombe muuzaji akuonyeshe kwamba hiyo aliyonayo haina tundu la waya wa umeme ubavuni.