SOMO: Dengu kavu na parachichi za kutafuna siku ya derby

Habari zenu wapendwa. Siku ya Simba na Yanga hapa Moshi kila nyumba yenye king'amuzi hujaa watu. Wageni wanaanza kuingia saa 9, mpira wenyewe saa 11, na muda wote huo mikono inakwenda mezani. Ndiyo maana nasisitiza vitafunwa vya siku hiyo tuvipike wenyewe: chumvi unaipima, na mafuta unayajua yamepita motoni mara ngapi.

Leo tushike dengu. Zina protini na nyuzinyuzi, kwa hiyo mtu anashiba mapema.

Mahitaji (watu 8 hivi): dengu nusu kilo, mafuta ya alizeti vijiko 2 vya chakula, bizari nyembamba ya unga kijiko 1 cha chai, pilipili manga kidogo, chumvi nusu kijiko cha chai.

1. Usiku wa kuamkia mechi chambua mawe, osha, loweka kwenye maji mengi. Asubuhi zitakuwa zimevimba sana. Maji hayo mwaga.

2. Chemsha kwa maji mapya, dakika 45 hadi saa 1. Magadi usitie, yanavua maganda na dengu zinapasuka. Epua pale ambapo ukiibonyeza kwa vidole inapondeka, ila sufuriani bado ni nzima.

3. Sasa kukausha, na hapa msiwe na haraka. Dengu ikiingia motoni na maji inaiva kwa mvuke, haikauki, na haitakuwa na mlio mdomoni. Chuja, mwaga kwenye taulo safi, sugua taratibu. Kisha tandaza kwenye sinia juani saa nzima, juu weka kitambaa chepesi inzi wasitue.

4. Wenye oveni: changanya na mafuta, nyuzi 200, dakika 35 hadi 40, tikisa trei kila baada ya dakika 10. Wenye jiko la mkaa: kikaango kizito, moto mdogo, geuza bila kuondoka. Sikiliza sauti. Mwanzoni zinachemka kwa unyevu, zikikauka zinagonga kikaango kama changarawe. Toa moja, iache ipoe ndipo uitafune, maana ya moto huwa laini hata kama imeshaiva.

5. Viungo na chumvi mwishoni, zikiwa bado za moto. Bizari ikikaa motoni muda wote inaungua na kuwa chungu.

Pembeni weka parachichi. Za Kibosho na Marangu zikiwa msimu, sokoni Mbuyuni utachagua mwenyewe. Ponda 3 zilizoiva, kamulia ndimu, tia kitunguu na nyanya zilizokatwa ndogo ndogo, giligilani na pilipili. Wachovye kwa vijiti vya karoti na tango.

MASWALI YA WANACHAMA

Asante kwa somo dada. Parachichi yangu inageuka nyeusi kabla ya mapumziko, nifanyeje?
Karibu mpenzi. Ni hewa hiyo. Ndimu inachelewesha, na nailoni uilaze igusane na parachichi yenyewe, si juu ya bakuli tu. Ponda saa 10 na nusu, usiponde asubuhi.

Dengu naweza kuzikausha siku mbili kabla?
Unaweza, zikishapoa kabisa ndipo ufunike. Zikilegea, zirudishe kikaangoni dakika 5.

Mimi nina karanga za mwaka jana, niongeze?
Zichambue kwanza, moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa au kubadilika rangi tupa, na usimpe kuku. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo hili tusilichukulie kirahisi. Kama gunia zima linanuka uvundo, achana nalo, nunua mpya.

Shikamoo mama. Watoto wa miaka 3 nao wale dengu?
Marahaba mwanangu. Hizi kavu hapana, wala karanga wala bisi, zinaweza kuwapalia. Watengee dengu zilizochemshwa kabla hujazikausha, uziponde kidogo na parachichi isiyo na pilipili.