Kuchanganya silaha za modi tofauti kwenye Doom bila kuvuruga mchezo

Modi (kifurushi cha mashabiki kinachobadilisha mchezo) moja ina bunduki ya marisau tamu kuliko zote. Nyingine ina bastola yenye mlio wa kuridhisha. Ya tatu ina rashasha unayoitaka, ila imekuja na maadui usiowataka. Ukizipakia zote pamoja, GZDoom, injini ya kuendeshea Doom, mara nyingi itaanza bila kulalamika. Shida huonekana ukishaingia ramani ya kwanza: bastola inabadilika sura katikati ya kufyatua, marisau yanatoa mlio wa kombora, na rashasha haionekani popote.

Karibu kila hitilafu ya aina hii chanzo chake ni majina. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwenye GZDoom vitu viwili vyenye jina moja havikai pamoja: mara nyingi cha mwisho kupakiwa ndicho kinachobaki. Ukilielewa hilo, sehemu kubwa ya kazi inabaki kuwa uvumilivu tu.

Vifaa

Unahitaji GZDoom, programu ya SLADE 3 ya kufungua na kuhariri mafaili, na faili la msingi la mchezo. Hilo ni doom2.wad ikiwa unamiliki Doom II ya mwaka 1994, au Freedoom, ambayo ni ya bure. Fanya kazi kwenye nakala, usiguse modi asilia. Faili la PK3 ni ZIP iliyobadilishwa jina, lina folda kama kompyuta yako ilivyo na folda. WAD, muundo wa zamani wa mafaili ya Doom, haina folda, na majina ya vipande vyake hayazidi herufi 8. Jenga mseto wako kama PK3 hata kama chanzo ni WAD.

Kiraka au dondoo?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuziacha modi zilivyo, kisha kuandika faili dogo la kiraka linalopakiwa mwisho:

gzdoom -iwad doom2.wad -file modiA.pk3 modiB.pk3 kiraka.pk3

Njia hii inafaa pale unapozitaka modi zote mbili karibu nzima, au pale wenyewe wanapoendelea kutoa matoleo mapya. Ya pili ni kudondoa silaha unazozitaka tu na kuzihamishia kwenye PK3 yako mpya. Kama unataka silaha moja kutoka modi yenye silaha 20, dondoa. Kiraka kinachozima silaha 19 ili kuibakiza moja ni mateso ya kujitakia.

Kung'oa silaha na mizizi yake

Kosa la kwanza la wanaodondoa ni kudhani silaha ni picha na msimbo wake. Silaha ni mti. Fungua msimbo wa klasi yake (maelezo ya kitu kimoja cha mchezo) ndani ya faili la DECORATE au ZSCRIPT, lugha mbili za kuandikia modi, usome mstari kwa mstari, ukiandika pembeni kila jina linalotajwa. Utakuta klasi mama inayorithiwa, aina ya risasi, moshi wa risasi ikigonga ukuta, ganda linaloruka pembeni, kombora, milio na picha. Silaha zinazojazwa risasi kwa mkono huwa pia na vitu vya siri vinavyowekwa mfukoni mwa mchezaji kama alama tu, vinavyotafutwa kwa A_JumpIfInventory. Hivyo navyo ni klasi, navyo lazima vihame.

Kisha pitia SNDINFO kwa milio, GLDEFS kwa mwanga unaomulika ukifyatua, TEXTURES ikiwa picha zimeunganishwa humo, DECALDEF kwa alama za ukutani, na LANGUAGE ikiwa ujumbe wa kuokota silaha unaanza na alama ya dola. Ukisahau GLDEFS utakosa mwanga tu. Ukisahau klasi mama, mchezo hautawaka.

Picha zinataka uangalifu wa aina yake. Mahali bunduki inapokaa kwenye kioo pamehifadhiwa ndani ya PNG yenyewe, katika sehemu iitwayo grAb. Programu nyingi za kuhariri picha huitupa sehemu hiyo unapohifadhi, na bunduki inahamia kwenye kona ya juu kushoto. Ikitokea, usihangaike na msimbo; rekebisha kwa kihariri cha nafasi kilichomo ndani ya SLADE. Rangi zikigeuka za ajabu, angalia kama modi ya chanzo ilikuwa na PLAYPAL yake, yaani jedwali la rangi. Picha za muundo wa zamani wa Doom hazibebi rangi, hubeba namba za rangi zilizo kwenye jedwali hilo. Zigeuze ziwe PNG zenye rangi kamili ukiwa bado umefungua modi ya chanzo, kabla ya kuzihamisha.

Kubadilisha majina

Chagua kiambishi kwa kila chanzo, mathalani MA_ kwa modi ya kwanza na MB_ kwa ya pili, ukibandike kwenye kila klasi na kila jina la mlio. Klasi mbili za ZScript zenye jina moja huuzuia mchezo kuanza kabisa, na hiyo ndiyo heri, maana unajua papo hapo. Milio haina huruma hiyo. Modi mbili zikiwa na "weapons/reload", ya mwisho inaimeza ya kwanza kimyakimya.

Picha za silaha zina herufi nne za jina, herufi moja ya fremu, na namba ya mwelekeo: PISGA0 ni bastola, fremu A. Hapa ndipo bastola inapobadilika sura. Modi ya kwanza ina fremu A hadi F za PISG, ya pili ina A hadi D. Ukizipakia zote, A hadi D zinatoka ya pili, E na F zinabaki za ya kwanza. Kwa hiyo kila silaha ipe herufi nne zake. Epuka majina ya mchezo wenyewe, kama PISG, SHTG, SHT2, CHGG, MISG, PLSG na BFGG, na usisahau picha ya silaha ikiwa chini sakafuni, ambayo huwa na jina lake tofauti. Badilisha jina la faili na jina lililo kwenye msimbo kwa pamoja. TNT1 iache ilivyo: ni jina maalumu la fremu isiyoonekana.

Lugha mbili, foleni moja

Modi za zamani zimeandikwa kwa DECORATE, mpya kwa ZScript, na zinaweza kukaa pamoja. Ila injini husoma ZScript kwanza. Klasi ya DECORATE inaweza kurithi ya ZScript, kinyume chake hakiwezekani. Kiraka chako kikirithi mchezaji aliyeandikwa kwa DECORATE, nacho kiandike kwa DECORATE. Kwenye PK3 yako weka zscript.txt moja yenye mstari wa version juu kabisa, halafu yaite mafaili mengine kwa #include, na hayo mengine yaondolee mstari wa version yalikotoka nao.

Risasi

Hapa mseto mwingi huharibika ukiwa tayari unachezeka. Ukileta bunduki yenye aina yake ya risasi bila kuleta kinachoziweka ramanini, utapata zile ulizookota nazo tu, kisha umebeba rungu. Rahisi ni kuifunga kwenye aina nne za Doom: Clip yenye kikomo cha 200, Shell 50, RocketAmmo 50 na Cell 300. Begi la mgongoni huongeza kila kikomo mara mbili.

Badilisha Weapon.AmmoType, kisha tafuta jina la zamani kwenye msimbo wote wa silaha. Silaha zenye magazini hutaja akiba ndani ya A_TakeInventory na A_JumpIfInventory. Ukibadilisha AmmoType peke yake, bunduki itajaza magazini bila kupunguza akiba, au itakwama ikijaza bila mwisho. Magazini yenyewe ibaki na aina yake ya pekee kwa kila silaha. Mbili zikitumia magazini moja, ukijaza hii na ile imejaa.

Kuziweka ramanini

Modi zote mbili huenda zimeandika "replaces Shotgun", na ya mwisho ndiyo inayoonekana. Ondoa maneno hayo kwenye silaha ulizodondoa, kisha weka kigawaji, yaani klasi inayochagua silaha moja kwa bahati:

class MS_Marisau : RandomSpawner replaces Shotgun
{
  Default
  {
    DropItem "MA_Marisau", 255, 3;
    DropItem "MB_Marisau", 255, 1;
  }
}

Namba ya mwisho ni uzito: hapa ya kwanza itatokea mara tatu kwa kila moja ya pili. Ukitaka na Shotgun ya asili iwemo, usiandike "Shotgun" kwenye orodha, maana itabadilishwa tena na kigawaji hichohicho na kuzunguka. Tengeneza klasi tupu inayoirithi, uiorodheshe hiyo.

Kitufe cha silaha wekea Weapon.SlotNumber ndani ya silaha yenyewe. Za kuanzia mchezo zinakaa kwenye klasi ya mchezaji kwa Player.StartItem, na kuna mtego: ukiandika hata moja kwenye klasi mpya, orodha yote ya klasi mama inafutika. Andika zote upya, pamoja na Fist na Clip 50. Modi mbili zenye wachezaji wake haziwezi kutawala pamoja; chagua mmoja, au unda wako na umtaje kwenye PlayerClasses ya MAPINFO. Kwa vishughulikia matukio (msimbo unaoitika jambo likitokea mchezoni) tumia AddEventHandlers, kwani EventHandlers peke yake hufuta vya wenzako.

Nguvu

Pima kwa hesabu, usipime kwa hisia. Doom huenda hatua ndogo za muda, ziitwazo tiki, 35 kwa sekunde. Rashasha ya asili hutoa risasi moja kila tiki 4, kila moja ikiumiza 5, 10 au 15: wastani wa 87.5 kwa sekunde. Bunduki ya marisau hutoa chembe 7 kila tiki 37, wastani wa kama 66 kwa sekunde. Jumlisha tiki za fremu za Fire (za kufyatua) za silaha mpya, linganisha. Kumbuka amri ya kufyatua risasi, A_FireBullets, huzidisha madhara kwa 1 hadi 3 usipoweka FBF_NORANDOM, hivyo 40 uliyoandika inaweza kutoka 120. Kwa upande wa maadui, Demon ana uhai wa 150, Baron 1000. Silaha ya kitufe cha 3 inayomwangusha Baron kwa sekunde mbili imewafanya wenzake mapambo.

Kujaribu

Endesha kwanza kwa -norun pamoja na +logfile kumbukumbu.txt. Injini itasoma msimbo wote na kujifunga, nawe usome faili hilo kuanzia kosa la kwanza, kwa sababu mengi ya chini yake huzaliwa na hilo. Ukishaingia mchezoni fungua konsoli (sehemu ya kuandikia amri), andika give na jina la klasi, jaza risasi, fyatua hadi ziishe, okota nyingine ikiwa mkononi. dumpclasses Weapon itakuonyesha silaha zote zilizosomwa, pamoja na zile ulizodhani umeziondoa. Anza mchezo mpya kila unapobadilisha jina la klasi. Michezo iliyohifadhiwa kabla ya hapo mara nyingi haitafunguka sawasawa.

Kama utausambaza mseto, soma faili la maandishi lililokuja na kila modi. Wengine huruhusu kutumia msimbo lakini si picha, na picha nyingi zenyewe zilitoka kwa mtu wa tatu. Weka CREDITS.txt inayotaja kila silaha na aliyechora, aliyeandika msimbo na aliyetengeneza mlio, na uijaze siku ileile unayodondoa.