Kutengeneza jeli ya Fmoc-FF bila mabonge

Mwanafunzi wa uzamili niliyemsaidia hivi karibuni alikuwa akitengeneza jeli ya peptidi (mnyororo wa asidi amino) iitwayo Fmoc-FF, akapata mabonge meupe kwa siku mbili mfululizo. Peptidi yenyewe ni fupi mno: fenilalanini mbili tu (asidi amino inayoandikwa F, ndiyo maana ya FF), jozi iliyomo katika beta-amiloidi, peptidi inayorundikana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Jozi hiyo ndiyo watafiti Reches na Gazit wa Tel Aviv walionyesha mwaka 2003 kuwa hujipanga yenyewe majini ikawa mirija ya nano, yaani midogo mno isiyoonekana kwa macho. Ikiunganishwa na Fmoc, kundi la atomi ambalo wanakemia hulitumia kukinga ncha ya asidi amino, hufanya nyuzi zinazoshika maji na kuwa jeli.

Hatua ya 1. Pima miligramu 10 za Fmoc-FF katika chupa ndogo ya kioo, kisha ongeza mililita 1.8 za maji safi.

Hatua ya 2. Ongeza mikrolita 187 za haidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M, yaani moli moja ya alkali kwa kila moli ya peptidi, ukoroge kwa sumaku hadi unga uishe. Alkali ikizidi sana, Fmoc hung'oka.

Hatua ya 3. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Wengi hudondosha asidi ya haidrokloriki, nami siipendekezi kabisa: pale tone linapoangukia, pH (kipimo cha uasidi au ualkali) huporomoka ghafla, molekuli za hapo hupoteza chaji zilizokuwa zikizitenganisha, nazo huganda kabla nyingine hazijapata habari. Tumia glukono-delta-laktoni, ambayo huyeyuka upesi lakini hugeuka asidi polepole, hivyo pH hushuka kwa pamoja chupa nzima. Pima miligramu 10 katika chupa ya pili, mimina myeyusho juu yake, zungusha taratibu kwa sekunde chache, kisha usiiguse tena, kwa kuwa mtandao wa nyuzi ukivunjwa ungali unajijenga, jeli hutoka dhaifu. Usiiyeyushe laktoni mapema, wala usitumie iliyokaa mahali penye unyevu, kwani itakuwa imekwisha kugeuka asidi. Usitumbukize kipima pH katika sampuli utakayoichunguza. Andaa nyingine pacha. Myeyusho ukiwa na ukungu kidogo hata kabla ya laktoni, usishtuke, maana Fmoc-FF huanza kujikusanya pH ingali ya alkali.

Hatua ya 4. Kesho yake pindua chupa. Jeli isiposhuka, imekaa.

Hatua ya 5. Ukitaka kuziona nyuzi, tumia darubini ya elektroni, ukikumbuka kwamba kukausha sampuli huzisogeza na kuzibandika pamoja.