Somo: Bustani ya mboga kiangazi hapa Dodoma, tuta linashushwa, haliinuliwi

Wakuu, wiki hii peke yake watu watano wamenipigia simu kwa swali lile lile: "Namwagilia asubuhi na jioni, mbona mchicha unanyauka?" Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena nitamtumia hili. Nasema ya Dodoma mjini na pembezoni, tangu mvua zinapokata mpaka zinaporudi Desemba. Aliyeko Lushoto au Mbeya asinifuate, ardhi na hewa ya huko ni nyingine.

Hatua ya 1. Chagua mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Upande wa mashariki wa nyumba unafaa sana.

Hatua ya 2. Weka uzio. Kuku na mbuzi kiangazi hawana kijani kingine.

Hatua ya 3. Lima, changanya samadi iliyooza, ndoo moja kwa kila mita ya mraba. Iliyooza haina harufu ya mkojo, na ukiingiza mkono ndani haina joto.

Hatua ya 4. Tuta. Hapa naomba msome taratibu.

Nilihamia hapa 2017 nikitokea Lushoto, na tangu utoto nilifundishwa kwamba tuta zuri ni lililoinuka. Nikainua sita nyuma ya nyumba, nikapanda mchicha, figiri na nyanya. Mwezi wa 7 upepo ukaja. Kila nikimwaga maji yanateremka ubavuni na kuishia njiani. Mimea iko juu kwenye vumbi, ninapokanyaga ndipo palipolowa. Nikaongeza maji. Wiki ya tatu nikaona weupe juu ya matuta, kama unga umemwagika. Nikagusa kwa kidole, nikaonja: chumvi. Kisima ninachotumia kina maji ya chumvi kama visima vingi vya huku, na tuta lililoinuka hunyonya maji hadi kileleni, jua na upepo vikayakausha, chumvi ikabaki pale pale kwenye shina. Figiri ilianza kuungua nchani, kingo za majani zikawa za kahawia, ukizikunja zinavunjika. Matuta yote sita yalikufa, na maji niliyonunua miezi miwili yalikwenda bure.

Sasa nachimba kijaruba: upana mita 1 ili mkono ufike katikati, urefu mita 3, kina cha kiganja kimoja. Udongo unaotoka nauweka pembeni uwe ukingo wa kuzuia upepo. Miche inakaa chini, maji hayana pa kukimbilia.

Angalieni mambo matatu. Usimwagilie kidogo kidogo kila mara, maji yanaishia juu na mizizi inabaki juu ikiungua. Jaruba la mita 3 lipe ndoo mbili za lita 20 kila baada ya siku moja, jioni. Kama maji yako ni ya chumvi, kila wiki mbili ongeza ndoo mbili kwa mkupuo ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Na mwisho wa Novemba fukia majaruba yawe sawa na ardhi, mvua ya kwanza ikiyakuta wazi yatakuwa madimbwi na mizizi itaoza.

Hatua ya 5. Matandazo. Nyasi kavu au maganda ya karanga, unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Bila haya, ndoo mbili hazitoshi.

Hatua ya 6. Hamisha miche jioni, ipe kivuli wiki moja.

Mchicha, spinachi, kunde, matembele na bamia ndizo zinazovumilia. Nyanya sia kitaluni mwezi wa 4, ili maua yaje kipindi cha baridi. Ukichelewa yakakutana na joto la Oktoba, yatapukutika bila kufunga.

Mkazi wa Nkuhungu: Mkuu, ndoo ngapi kwa siku?

Mwandishi: Hatua ya 4, aya ya mwisho.

Mkazi wa Nkuhungu: Nimeona ndefu. Mimi nina matuta ya kuinua tayari, si nitaendelea nayo tu?

Mwandishi: Ndugu, nimeeleza yaliyonikuta ili yasikukute. Ukiendelea nayo ni maji yako.

Mama wa Nzuguni: Asante kaka. Nitajuaje maji yangu yana chumvi kabla sijapanda? Kuonja sioni tofauti.

Mwandishi: Swali zuri dada. Chemsha sufuria moja mpaka yakauke kabisa, utazame kinachobaki chini. Ukungu mwembamba si tatizo. Ukiweza kuukwangua kwa kijiko, usipande maharage, karoti wala kitunguu, hizo huchoka mapema. Panda spinachi, ndiyo inayovumilia chumvi kuliko zote nilizojaribu. Na maji ya bomba ukiyapata, yatumie kwenye miche michanga, ya kisima uipe iliyokwisha kukua.

Kijana wa Ihumwa: Matandazo yangu yameliwa na mchwa, wakahamia kwenye nyanya. Kwa hiyo ushauri huu haufai.

Mwandishi: Unafaa, ila mchwa wanataka kikavu kisichoguswa. Ulikuwa unayageuza?

Kijana wa Ihumwa: Hapana.

Mwandishi: Yainue kila wiki, ukiona vijinjia vya udongo vivunje. Mabua ya mtama usiweke kabisa, wanayapenda mno.

Mama wa Nzuguni: Na ule utando mwembamba chini ya majani ya nyanya? Jani linakuwa na vidoti vya njano.

Mwandishi: Huo ni utitiri mwekundu, unashamiri kwenye ukavu na vumbi. Rushia maji chini ya majani asubuhi mapema, siku tatu mfululizo. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo, husaidia kama umewahi. Jani lililofungwa utando lote lichume, lichome.

Mwalimu wa Chamwino: Mimi kunde zimezidi, familia haimalizi.

Mwandishi: Mwalimu, zikaushe kama wazee wa Kigogo wanavyofanya na mlenda. Bibi jirani yangu huchemsha majani ya kunde kidogo tu, anayakamua, anayatandaza kwenye ungo. Mimi nayaweka kivulini penye upepo badala ya juani, yanabaki na rangi yake. Hewa ya hapa ni kavu, siku mbili tatu jani linalia kama karatasi. Hifadhi kwenye chungu kilichofunikwa. Ukipika, loweka kwanza, halafu tia karanga za kusaga.