Maktaba Inaweza Kukusaidia Kumpata Mwenye Kitu cha Kumbukumbu Kilichopotea

Ukiokota pete, medali au picha ya zamani yenye jina la mtu usiyemfahamu, nenda kwenye maktaba ya eneo ilikopatikana na uombe kuonana na mkutubi anayeshughulikia historia ya mahali hapo. Kabla ya kwenda, ipige picha kila upande bila kuisugua, kisha unakili maandishi yote, hata muhuri wa studio nyuma ya picha au namba iliyochongwa ukingoni mwa medali, kwa kuwa alama ndogo kama hiyo huweza kuonyesha mji na miaka ya kuanzia utafutaji. Mkutubi anaweza kupekua magazeti ya zamani, orodha za wakazi na kumbukumbu za shule. Nakusihi muanze na matangazo ya vifo, ambayo mara nyingi hutaja watoto na wajukuu, wakiwemo mabinti waliobadili majina baada ya kuolewa. Ikiwa mwenye kitu hicho au jamaa yake ni msomaji wa maktaba, maktaba haipaswi kukupa anwani yake, na hilo ni jambo jema, lakini unaweza kuiomba imfikishie barua yako. Katika barua hiyo usitaje kila kitu. Acha, kwa mfano, tarehe iliyochongwa ndani ya pete, ili atakayejitokeza aitaje mwenyewe kabla hujamkabidhi.