Wiki za Kwanza za Mwanafunzi Mgeni Nairobi: Yapi Uyaharakishe, Yapi Uyangojee

Mwanafunzi anayetoka Tanzania, Uganda au Burundi kuja kusoma Nairobi mara nyingi huwa amekwisha kulihukumu jiji kabla hajafungua begi: watu wana haraka, nauli haitabiriki, na asubuhi kuna baridi ambayo hakuna aliyemwonya. Mengi ya hayo ni kweli, ila si msingi wa kuamulia jambo linalogharimu pesa. Ushauri wangu ni kwamba mambo ya karatasi yafanywe mapema na ya makazi yacheleweshwe.

Anza na kibali cha mwanafunzi. Muhuri unaogongwa kwenye pasipoti Namanga, Busia au uwanja wa ndege hukuruhusu kuingia na kukaa kwa muda tu, wala haukupi ruhusa ya kusoma. Kibali huombwa Idara ya Uhamiaji kwa njia ya mtandao, na kwa kuwa ombi hilo huegemea barua ya chuo, ofisi inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni itangulie hata ratiba ya masomo. Aidha, mgeni aliyetimiza miaka 18 na anayekusudia kukaa zaidi ya siku 90 anatakiwa kujiandikisha na kupata kitambulisho cha raia wa kigeni.

Sajili pia laini ya simu, ukitumia pasipoti. M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyoanza mwaka 2007, ndiyo hulipia mboga kibandani, nauli, kodi ya nyumba na hata tokeni za stima (umeme), kwa hiyo asiye nayo hulazimika kumwomba kila mtu msaada.

Makazi ndiyo yanayotaka subira. Anayesema anasoma Nairobi huenda anasoma Chuo Kikuu cha Nairobi, kilicho katikati ya jiji, au Strathmore kule Madaraka, au Chuo Kikuu cha Kenyatta kilicho Kahawa kando ya barabara ya Thika. Wengine huita Nairobi hata Juja, ambayo iko kaunti ya Kiambu. Bedsita (nyumba ya chumba kimoja) ya bei nafuu Rongai, pembezoni kusini mwa jiji, inaweza kumfaa mmoja wao na kumla mwingine saa kadhaa za kila siku barabarani. Kaa kwanza hostelini au kwa jamaa, kisha safiri kwa matatu kutoka mtaa unaoutamani hadi chuoni alfajiri, urudi jioni, ikiwezekana siku ya mvua, maana hapo ndipo nauli hupanda na foleni hurefuka. Uliza nauli kabla ya kupanda, na ukiketi dirishani simu ikae mfukoni. Makelele ya kondakta yasikutishe. Anaita abiria, hagombani nawe.

Ukifika kwenye nyumba yenyewe, usimsikilize keateka (msimamizi wa nyumba) peke yake. Waulize wapangaji maji hutoka siku zipi, kama kuna tangi la akiba, na kama amana hurudishwa mtu anapohama. Usitume hata shilingi moja kwa nyumba uliyoiona pichani tu, hata ukiambiwa kuna wengine watano wanaoingojea. Kwa maoni yangu, anayekuharakisha hivyo amekwisha kukupa sababu ya kutosha ya kuondoka.

Darasani mihadhara ni kwa Kiingereza, lakini mijadala ya vikundi huteleza haraka kuingia Sheng, lugha ya mtaani inayochanganya Kiswahili na Kiingereza. Omba ufafanuzi papo hapo, kwa kuwa wenzako huenda hawajui kwamba umepotea.

Kuhusu baridi, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni hadi Agosti humshangaza hasa anayetoka Dar es Salaam au Mombasa. Sweta na blanketi hupatikana kwa bei nafuu kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi. Nenda asubuhi na mwenzako mwenyeji, naye ndiye awe wa kwanza kuuliza bei.