Matengenezo kinga ndani ya ratiba ya uzalishaji, hatua kwa hatua

Nimeandika somo hili la matengenezo kinga, yaani kuhudumia mashine kabla haijaharibika, kwa sababu swali la "matengenezo tuyaweke wapi na oda zimejaa" nimelijibu vipande vipande mara nyingi mno. Naomba lisomwe lote kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1. Orodhesha kazi zote za mashine na muda wa kila moja.

Hatua ya 2. Hesabu saa ambazo mashine imezunguka, si siku za kalenda.

Hatua ya 3. Andika matengenezo kama kazi mojawapo katika ratiba ileile, yakiwa na muda wake, fundi wake na vipuri vyake, kwa sababu nafasi tupu humezwa na oda ya kwanza ya dharura.

Hatua ya 4. Yape matengenezo dirisha lenye mwanzo na mwisho. Hapa nilikosea vibaya. Mashine niliyoisimamia ilipaswa kuhudumiwa kila baada ya saa 200, nami nikawa nasogeza huduma mbele kila oda ya haraka ilipoingia, leo saa 20, kesho saa 30, hadi beringi, kipande kinachoshika shafti (mhimili unaozunguka), ikakwama katikati ya kazi ndefu, shafti ikakwaruzika, bidhaa zilizokuwa ndani zikaharibika, na huduma ya saa 3 ikageuka ukarabati wa siku 2. Tangu hapo ninaweka dirisha la saa 180 hadi 220, na mpangaji wa uzalishaji haruhusiwi kuvuka kikomo cha juu bila idhini ya fundi mkuu. Angalia pia kwamba kikomo hupimwa kwa jumla ya saa ambazo mashine itakuwa imezunguka kazi inapomalizika, si inapoanza. Na ukihudumia mashine ikiwa na saa 215, hesabu mpya huanza sifuri hapo hapo.

Hatua ya 5. Panga kazi kulizunguka dirisha. Tuseme mashine ina saa 170 tangu huduma iliyopita, na zipo kazi tatu: A ya saa 30, B ya saa 25 na C ya saa 15. Ukianza na B kisha A utafika 225, nje ya kikomo. Ukianza na A utafika 200; na ikiwa baada ya A ni lazima moldi (kalibu ya kuundia bidhaa) ibadilishwe, mashine itakuwa imesimama tayari, hivyo fanya huduma wakati huo huo.

Hatua ya 6. Mashine ikiharibika ghafla, panga upya siku hiyo hiyo.

Maswali

Swali: Naomba idadi ya saa inayofaa mashine zote.
Jibu: Haipo. Anza na kitabu cha mtengenezaji, kisha rekebisha kwa kumbukumbu zako za hitilafu.

Swali: Mashine yetu haijawahi kuharibika. Kwa nini niisimamishe?
Jibu: Hatua ya 4 imeeleza. Nami yangu ilikuwa haijawahi kuharibika.

Swali: Ndugu mwandishi, vipi kuhusu sehemu zinazokufa bila dalili za kuchakaa, kama baadhi ya vifaa vya elektroniki?
Jibu: Asante, swali hili ni la msingi. Mwaka 1951 Waloddi Weibull wa Uswidi alieleza mgawanyo wa kihesabu ambao leo hutumika sana kuchambua hitilafu. Kigezo chake cha umbo, yaani namba inayoonyesha kama hatari ya kuharibika hupanda au hushuka kadiri umri unavyoongezeka, kikizidi 1, sehemu inachakaa kwa umri, na kuibadilisha mapema kunaweza kulipa. Kikiwa 1, hatari haiongezeki kwa umri, kwa hiyo sehemu mpya haina nafuu kuliko ya zamani. Kikiwa chini ya 1, sehemu huharibika zaidi ikiwa mpya, hivyo kubadilisha mapema kunarudisha hatari ya siku za mwanzo. Sehemu za aina hizi mbili za mwisho usiziwekee dirisha: weka kipuri cha akiba na uzikague.

Swali: Je, beringi nayo naweza kuikagua badala ya kuhesabu saa tu?
Jibu: Ndiyo, pima mtikisiko na joto lake mahali palepale, mashine ikiwa na mzigo uleule, ili vipimo vilinganishike.

Swali: Nimeongeza grisi kwenye beringi lakini joto limepanda.
Jibu: Huenda umeijaza kupita kiasi. Hakikisha pia hukuchanganya aina mbili, kwa maana grisi ya lithiamu na ya poliurea mara nyingi hazipatani, na mchanganyiko wake unaweza kulainika ukavuja.